Bi Quintina Ashika Usukani

Gari halikuwepo.

Pale tulipoliegesha, chini ya ukuta wa kijiji cha Calascio, palikuwa na doa la mafuta na mbwa mmoja mweupe wa wachungaji, amejilaza kivulini kana kwamba nafasi ile ameilipia.

Kama Jumamosi iliyopita gazeti lilikupita, nitakusogeza haraka ili twende pamoja. Tulitoka mjini kwetu Pescara asubuhi, watu wanne ndani ya gari la kijani la Tullio, kwenda kutembea milimani na kurudi jioni. Tullio ndiye aliyeendesha. Ersilia, shoga yangu tangu shule ya msingi, mfamasia na mjane, alikaa mbele. Mimi Norina, mwenye saluni ya pale karibu na stesheni, nilikaa nyuma na Bi Quintina, mama yake Ersilia, bibi wa miaka themanini na minne. Njia ya kupanda hadi ngome ya kale iliyo juu ya kijiji ni mawe matupu, kwa hiyo bibi tulimwacha garini, madirisha wazi, kofia ya majani usoni, akikoroma taratibu. Tukapanda, tukapiga picha hadi simu zikapata moto, tukashuka.

Sasa gari hakuna, na bibi hakuna.

Ersilia hakupiga kelele. Alizunguka mara moja pale palipokuwa na gari, kama mtu anayetafuta hereni iliyodondoka. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba wezi wamemchukua mama yake, na akatoa simu kuwapigia polisi.

Tullio akaifunika simu ile kwa kiganja.

"Usipige."

"Toa mkono, Tullio. Mama yangu ameibwa."

"Hajaibwa. Wala gari halijaibwa." Alikuwa anaviangalia viatu vyake. "Funguo nilimpa mimi."

Ninamjua Tullio miaka mingi, na sikuwahi kumwona akiwa mwekundu kiasi kile. Ersilia alimtazama, akanitazama mimi, nami nikainua mikono juu kuonyesha kwamba simo.

Mambo yakatoka moja baada ya jingine. Kumbe Bi Quintina alihuisha leseni yake mwezi wa tatu. Kumbe aliyempeleka kwa daktari wa macho ni Tullio. Kumbe kila Jumapili, Ersilia akiwa misani, wawili hao huenda kwenye maegesho ya uwanja wa mpira, bibi anakanyaga klachi, Tullio anashikilia mlango.

"Uliniambia mnakwenda kunywa kahawa," alisema Ersilia.

"Kahawa pia tulikunywa."

Alijieleza haraka, maneno yakigongana. Bi Quintina alimwomba nafasi ndogo tu. Alimwambia kwamba tangu Ersilia amnyang'anye funguo za gari, hajawahi kwenda mahali ambapo yeye mwenyewe ndiye aliyepataka. Anapelekwa kwa daktari, anapelekwa kanisani, anapelekwa kwa Norina kutengenezwa nywele. Alitaka kukizunguka kijiji mara moja peke yake, kisha angerudi, aegeshe palepale, ajifunike kofia. Ndiyo maana kule ngomeni Tullio alituchelewesha kwa kutupiga picha mbele ya kila jiwe.

Ersilia aliirudisha simu mkobani kwa nguvu. Ila Tullio alikuwa ameanza kuitazama barabara. Kijiji kile ukikizunguka kwa gari, unamaliza hata sigara haijaisha. Bibi alikuwa ameondoka zamani.

Yule mtu aliyekuwa mwekundu akawa mweupe.

Wakati huohuo bajaji ya mizigo ikaja ikikohoa kutoka chini, imejaa jibini. Aliyeendesha ni mama mmoja mnene mwenye kilemba cha bluu, na jina lake, tulikuja kujua, ni Berardina. Nikasimama katikati ya njia. Nilimwuliza kama amekutana na gari la kijani.

Berardina alicheka hadi bajaji ikatikisika. Alisema ameliona kwenye njia panda, linapanda kuelekea Castel del Monte na uwanda wa Campo Imperatore. Ndani yake mna bibi mwenye miwani ya jua. Haendi kasi, ila barabara yote ni yake, na akimpita mtu anapiga honi kumsalimia.

"Miwani ya jua hana," alisema Ersilia.

Nikapapasa mkoba wangu. Anayo. Yangu.

Tulimwomba Berardina atubebe. Alisema yeye mwenyewe anapeleka jibini huko kwenye mabanda ya nyama choma, lakini kiti cha abiria ni kimoja tu, na sheria inakataza watu kukaa nyuma na mizigo. Alifikiri kidogo, akatazama juu kwenye mnara wa kanisa. "Basi tuseme sheria imekwenda misa," akasema. "Pandeni."

Nikakiwahi kile kiti cha mbele. Nikalalamika kwamba mgongo unaniuma. Mgongo wangu ulikuwa mzima kama wa farasi, lakini wewe unayenifuata tangu mwanzo unajua sababu. Tullio anampenda Ersilia. Alimpenda kabla hajaolewa, alimpenda alipoolewa na mtu mwingine, na miaka sita hii ya ujane wake amemrekebishia mabomba, amembadilishia balbu, na hakuna siku aliyofungua mdomo. Asubuhi ya siku ile, tukiwa tunajaza petroli, aliniambia kwamba leo atasema. Leo hiihii, kabla jua halijazama.

Mwanzo wenyewe ndio huo sasa: amempoteza mama mkwe.

Walikaa nyuma, migongo kwenye masanduku ya jibini, suruali nyeupe ya Ersilia ikigeuka rangi kwa kila shimo la barabara. Kidirisha cha nyuma hakikuwa na kioo, kwa hiyo nilisikia kila neno. Mwanzoni yalikuwa ya Ersilia peke yake. Alimwambia Tullio kwamba ana akili ya kuku. Alimwambia kwamba kuku angalau anataga. Tullio aliitikia ndiyo, ndiyo, una haki.

Tukaipita Castel del Monte, nyumba zake za mawe zimebanana kama watu wanaoota moto. Hapo barabara inaanza kujikunja. Ersilia alijishikilia kwenye sanduku. Kisha nikamsikia akiuliza, polepole, mama yake anaendeshaje.

"Vizuri," alisema Tullio. "Kuliko wewe."

Nikangoja kofi. Kilichokuja ni kicheko, kidogo, cha puani, ambacho Ersilia alikikatiza yeye mwenyewe.

Hakikudumu. Tulipoimaliza kona ya tatu tukaona watu wamesimama kando ya barabara, na katikati yao sehemu ya nyuma ya gari, magurudumu yakiwa hewani, pua ndani ya mtaro.

Lilikuwa la kijani.

Ersilia aliruka kabla bajaji haijasimama. Kiatu kimoja kilibaki kwenye masanduku. Alikimbia na mguu mtupu juu ya kokoto, akiita, "Mama, mama," kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto. Tullio alikuwa nyuma yake, akimwomba asubiri, atangulie yeye kuangalia.

Halikuwa gari letu.

Lilikuwa la mume na mke vijana, watalii wa Kijerumani, wazima wote wawili, wamekaa kwenye nyasi wanakula tofaa. Kwa Kiitaliano chao cha kuokoteza walitueleza kwamba waliteleza walipokuwa wakimkwepa kondoo. Na kwamba bibi mmoja mwenye miwani ya jua alisimama, akawapa maji na matofaa, akawafundisha kuweka mawe mbele ya magurudumu ya mbele gari lisizidi kuteleza, akawaita kwa simu yao watu wa kuvuta gari, kisha akaondoka kwa sababu, alisema, ana miadi.

"Miadi?" Ersilia aliuliza.

Ndivyo alivyosema, walijibu.

Ersilia alikaa juu ya jiwe, akalia. Nilitaka kumwendea, nikajizuia. Tullio alikileta kile kiatu kutoka kwenye bajaji, akapiga goti, akaushika ule mguu mtupu, akaufuta vumbi kwa leso yake, akaurudisha kiatuni. Ersilia aliuacha mkono wake begani mwa Tullio kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuvaa kiatu.

"Kama mmemaliza," Berardina aliita kutoka kwenye bajaji, "jibini langu linatoka jasho."

Tukavuka mlima, na uwanda ukafunguka mbele yetu. Nimeishi mkoa huu wa Abruzzo maisha yangu yote, na kila nikifika pale nasahau nilichotaka kusema. Majani yamelala hadi mwisho wa macho, milima imesimama pembeni na theluji ya Juni kwenye mabega yake, na katikati kuna uzi mmoja wa barabara. Mwisho wa uzi huo moshi wa nyama ulikuwa ukipanda. Chini ya moshi, kati ya pikipiki na magari ya watu wa Jumapili, lilikuwepo gari la kijani la Tullio, limeegeshwa sawasawa katikati ya mistari.

"Hata mimi siegeshi hivyo," alinong'ona Tullio.

Bi Quintina alikuwa amekaa kwenye meza ya mbao juani, miwani yangu usoni, sahani ya mishikaki ya kondoo mbele yake. Huku kwetu mishikaki ni myembamba na huliwa kwa mafungu. Kwa vijiti vilivyokuwa mezani, bibi hakuwa na mzaha.

"Mmechelewa," alisema. "Kaeni, nyama inapoa."

Ersilia hakukaa. Alianza kwa utulivu na hakumaliza kwa utulivu. Alimwambia mama yake kwamba angeweza kufa kwenye zile kona. Alimwambia kwamba amekuja juu ya masanduku ya jibini akiwa tayari amekwisha kumzika moyoni. Watu wa meza za jirani waliacha kutafuna.

Bi Quintina alivua miwani, akaikunja.

"Jumatatu unanipeleka wapi, Ersilia?"

Ersilia akawa kama amemwagiwa maji.

Mimi nilijua, na Tullio alijua, kwa sababu Ersilia alituambia asubuhi, kwa sauti ya chini, tulipokuwa tunaiacha barabara kuu, akidhani bibi amelala. Alikuwa amepata nafasi kwenye makao ya wazee pale Pescara, mahali pazuri, penye bustani. Safari hii ya milimani ilikuwa ya kumfurahisha mama kabla hajaambiwa.

"Nilifumba macho," alisema Bi Quintina. "Masikio sikuyafumba."

"Nilitaka kukuambia leo jioni."

"Baada ya kunishibisha. Mwanangu, hivyo ndivyo baba yangu alivyokuwa akimpeleka kondoo mnadani. Anampa majani njia nzima ili asilie."

Ersilia akakaa. Maneno yalimtoka kwa tabu. Alisema mara mbili alikuta gesi imeachwa wazi. Alisema siku ile mama alipoanguka bafuni, yeye alikuwa dukani anamhesabia mtu vidonge vya kikohozi, hakujua kitu hadi jioni. "Kila simu ikilia kazini, moyo unadondoka. Sitaki kukutupa, mama. Ninaogopa tu. Kuanzia asubuhi mpaka nalala."

Bi Quintina aliuvuta mkono wa binti yake juu ya meza, katikati ya vijiti.

"Basi ungeniambia hivyohivyo. Hofu zako nazijua tangu ulipokuwa unaogopa radi. Ningekuelewa. Hata mimi naiogopa ile gesi. Unadhani nilifurahi kulala sakafuni?" Akaubana ule mkono. "Ila uniulize. Nikisema hapana, tugombane. Nikisema ndiyo, niende kwa miguu yangu."

"Nisamehe, mama."

"Kula."

Tukala. Tullio alikwenda kuchoma fungu jingine, akarudi na mvinyo na mkate, na kwa muda mambo yakawa kama tulivyoyapanga tangu mwanzo, marafiki na jua na nyama ya moto. Berardina alituletea kipande cha jibini, akagoma kabisa kuchukua hela, akasema tamthilia aliyoiona leo kwa kawaida hulipiwa tikiti. Ersilia alimwambia mama yake kwamba wakati wa kurudi ataendesha yeye, Bi Quintina, hadi Castel del Monte, sote tukiwa ndani tumwone. Bibi alisema atafikiria. Tukacheka.

Mimi ndiye niliyeiona glasi ya tano.

Ilikuwa upande wa pili wa Bi Quintina, imejaa nusu, na mbele yake rundo dogo la vijiti vya mishikaki ambayo hakuna kati yetu aliyeila. Nikakumbuka wale Wajerumani. Nikauliza, kwa upole, kama ile miadi ilikuwa na mtu.

Bi Quintina alijipangusa mdomo bila haraka.

"Amekwenda bombani kuosha cheri," alisema. "Huyo anakuja."

Tuligeuka wote. Kutoka nyuma ya banda alikuwa akija mzee mrefu aliyevaa tai, siku ya Jumapili, milimani, bakuli la cheri mikononi, akitembea kwa hadhari kama anayebeba maji matakatifu. Tullio aliinuka nusu, akabaki hivyo, magoti yamekunjika.

Alikuwa Mzee Abele. Baba yake Tullio. Baba ambaye asubuhi tulimwacha Pescara akituambia kwamba goti linamsumbua na hatoki nje leo.

"Tullio, funga mdomo, nzi wataingia," alisema Mzee Abele. Akaliweka bakuli mezani, akamsalimu Ersilia, akanisalimu mimi, akakaa karibu na Bi Quintina kama mtu anayekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Alieleza kwamba alikuja kwa basi la asubuhi. Alimshukuru mwanawe kwa kumfundisha bibi kuendesha vizuri namna ile, maana yeye kwa macho yake ya sasa hawezi tena.

Tullio alikaa tena. Alimtazama Bi Quintina kama mtoto aliyeuziwa karatasi ya pipi isiyokuwa na kitu ndani. "Uliniambia utazunguka kijiji tu."

"Nilizunguka," alisema bibi. "Kisha nikaendelea."

Na hapo akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua cheri, na sote tukaiona pete.

"Mama," alisema Ersilia. "Hiyo ni nini?"

"Alhamisi," alijibu Mzee Abele kwa niaba yake. "Saa tano, ukumbi wa manispaa. Mashahidi wetu walikuwa mwuza samaki na mkewe. Watu wazuri, walitufungia na ngisi."

Ersilia alisema haiwezekani, ndoa lazima itangazwe kwanza. Bi Quintina akamjibu kwamba ilitangazwa, wiki nzima na zaidi, kwenye tovuti ya manispaa. "Ninyi mnaoshinda simu mkononi hamkuiona? Basi kosa si letu."

Kisha akasema lile alilokuja kulisema. Marehemu dada yake Abele aliacha nyumba Castel del Monte, ghorofa ya chini, jiko la kuni, hakuna gesi, majirani pande zote mbili. Watahamia humo. Kuna daktari pale kijijini, na duka la dawa, na yeye ana leseni. Makao ya wazee na bustani yake wampe mtu mwingine anayeyahitaji.

Nilimtazama Ersilia, nikijiandaa kumshika. Mabega yake yalianza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akalaza paji la uso mezani, akainuka na chembe za mkate kwenye nywele nilizomtengeneza mwenyewe, akamkumbatia mama yake, akamkumbatia Mzee Abele, akamwambia kwamba akimsumbua mama yake atakiona. Mabanda yote yakapiga makofi. Mtu mmoja akaleta mvinyo.

Tullio peke yake hakucheka.

Alikuwa amekaa, anaigeuzageuza mbegu ya cheri kwenye vidole, na jua lilikuwa limeanza kuinama juu ya uwanda. Nilijua anachokifikiri. Neno alilolibeba miaka yote ile, baba yake amemtangulia nalo, kwenye nyumba ileile, kwa mtu wa damu ileile.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, akijaribu kutabasamu, "mimi na wewe sasa ni ndugu. Ndiyo kusema nina dada."

Kicheko cha Ersilia kikakatika.

Alimgeukia. Alimtazama kama kule Calascio alivyolitafuta gari, kwa makini, akizunguka. Mashavu yake yalikuwa yamewaka, na si kwa mvinyo, kwa sababu glasi yake ilikuwa bado imejaa.

"Thubutu kuniita dada, Tullio," alisema taratibu. "Thubutu uone."

Hakuna aliyesogea. Bi Quintina alikuwa na cheri njiani kuelekea mdomoni, akaisimamisha hapohapo. Na Mzee Abele, bila kumtazama mtu, akapeleka mkono sikioni, akaongeza sauti ya kifaa chake cha kusikia.